Mrejesho: shamba la mtama Kotido, mvua inapita juu juu

Niliuliza kwa nini shamba letu huku tambarare za Karamoja, Uganda, linatiririsha mvua za kwanza, kisha kiangazi linapasuka. Asanteni sana, hasa mliosema nipime udongo kwa vidole.

Nimepima. Udongo mbichi nikiubana kwa kidole gumba unatoa utepe wa kama sentimita 4 ndipo unakatika. Mfinyanzi hasa ungepita 5. Basi ni tifutifu yenye mfinyanzi, yaani mfinyanzi wa asilimia 27 hadi 40. Nilipochimba chini nikakuta vipande vyeupe vya chokaa, vikatoa povu nilipovitilia siki. Hiyo ni alama ya nchi kame: mvua haitoshi kuiyeyusha chokaa na kuipeleka mbali chini.

Nimefurahi kujua kwamba maji yakishaingia, udongo huu huyashika vizuri kuliko mchanga. Tabu iko juu: matone hupiga ardhi tupu, uso unafanya gamba. Kwato nazo huushindilia ukiwa mbichi. Kwa hiyo mabua tunayaacha shambani, na baba amekubali ng'ombe wasiingie mpaka pakauke. Matuta ya kukinga maji tutayachimba kabla ya mvua za Aprili.