Gari linagoma kuwaka asubuhi: nibadilishe starta?

Habari zenu ndugu zangu,

Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Tangu baridi ianze, gari langu likikaa siku mbili tatu bila kutembea linakataa kuwaka. Nikifungua swichi, taa za dashibodi zinatokea kama kawaida. Nikizungusha ufunguo nasikia tak-tak-tak-tak ya haraka haraka na taa zote zinafifia. Jirani akinibusti, yaani akiniunganishia umeme wa betri yake kwa waya, linawaka papo hapo, na siku hiyo nzima halinisumbui tena. Betri ina mwaka mmoja tu. Fundi niliyempigia simu amesema ni starta, ile mota inayozungusha injini iwake, nimpelekee aibadilishe.

Ni gari la petroli, gia za otomatiki. Nalitumia kwenda kazini, dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi. Zamu yangu ni ya alfajiri na saa hizo hakuna basi. Kaka zangu mnaoyajua magari, nianzie wapi?

---

Dada, pole sana. Starta usiiguse kwanza.

Maelezo yako yametosha kabisa kuanzia, kwa sababu umesema gari linafanya nini. Wengi wetu tukifika kwa fundi tunasema "starta imekufa" au "betri imekwisha", naye anabadilisha alichoambiwa. Mwambie fundi ulichosikia na ulichoona. Kilichoharibika akitafute yeye.

Gari linalogoma kuwaka husema kwa sauti. Ukizungusha ufunguo, tega sikio na uangalie taa za ndani kwa wakati mmoja.

Tak-tak-tak ya haraka, taa zikififia: umeme haufiki wa kutosha. Swichi ya starta inajaribu kushika, volti inaanguka, inaachia, inajaribu tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo sauti yako. Hapo shuku betri, vibanio vyake au waya zake.

TAK moja nzito kisha kimya, na taa zikibaki na mwanga wake: hapo ndipo starta yenyewe inapoingia kwenye orodha. Umeme umefika, lakini mota haikuzunguka.

Kimya kabisa, taa zikiwaka vizuri: gari halijapokea amri ya kuwaka. Kwa otomatiki, sogeza gia kutoka P uiweke N ujaribu tena, maana swichi inayotambua nafasi ya gia huchakaa. Kama gari lako ni la kubonyeza kitufe, angalia kama taa za breki za nyuma zinawaka ukikanyaga pedali. Swichi ya breki ikifa, kitufe hakifanyi kazi. Betri ndogo ya ndani ya ufunguo nayo huisha. Magari mengi ya namna hiyo hukubali kuwaka ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe au mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari.

Halafu kuna lile linalozunguka kwa nguvu zake zote, wuu-wuu-wuu, lakini haliwaki. Huyo ni mgonjwa mwingine, wala betri mpya haitamponya. Starta imemaliza kazi yake. Kinachokosekana ni mafuta, cheche, au taarifa kutoka kwenye sensa. Fungua swichi bila kuwasha na usikilize upande wa tangi: kwenye magari mengi ya petroli pampu huvuma kwa sekunde kama mbili hivi. Ukikosa mvumo huo, kagua fyuzi na relei ya pampu kabla ya kuilaumu pampu. Ukiona taa yenye picha ya ufunguo inamweka kwenye dashibodi, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ule wa akiba. Na popote utakapokuwa, usikamate starta zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipe nusu dakika au zaidi ipoe, kwa maana starta nzima huunguzwa hivyo hivyo.

Turudi kwako. Nakuambia usikimbilie kununua kwa sababu yalinikuta. Gari langu liligoma kwa tak-tak-tak kama yako, wakanipima kwa maneno tu na kuniuzia betri mpya. Siku ya nne likagoma tena, nikiwa na betri inayong'aa. Nilifungua boneti, nikavua glavu, nikakishika kibanio cha upande wa hasi. Kikazunguka chini ya vidole vyangu kama kifuniko cha chupa. Nilipokitoa, ndani kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani, mkavu kama chokaa, na kichwa cha betri kilikuwa na mstari mmoja tu mwembamba unaong'aa, pale chuma kilipokuwa kinagusana na chuma. Umeme wote wa kuzungusha injini ulitakiwa upite kwenye mstari ule. Nilisugua kwa msasa, ndani ya kibanio na kwenye kichwa, nikakaza nati, nikapaka grisi kidogo juu. Likawaka. Betri ya zamani ilikuwa nzima.

Kwa hiyo anza hapo. Vishike vibanio vyote viwili kwa mkono, jaribu kuvizungusha. Kisipotikisika ni vizuri. Kikitikisika, zima gari, toa hasi kwanza ndipo utoe chanya. Ukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Utaratibu huo ni wa lazima: spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, itapiga cheche kubwa na inaweza kukuunguza mkono. Ufuate pia ule waya mnene wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi au injini, nako hushika kutu.

Pili, tafuta mita ndogo ya kupimia volti. Pima betri gari likiwa limezimwa saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi kidogo, betri imejaa. 12.4, ina robo tatu. 12.2, nusu. 12.0, imebaki kama robo, na kwenye baridi hiyo haitoshi. Mtu mwingine azungushe ufunguo wewe ukiangalia mita: isishuke chini ya kama 9.6. Injini ikiwaka, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.7, hapo ndipo alteneta, mtambo unaozungushwa na injini kuchaji betri, inapojulikana kama inachaji.

Kuhusu baridi: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa karibu nusu tu ya nguvu zake, na saa hiyo hiyo oili imekuwa nzito, injini inataka nguvu zaidi. Betri iliyochoka kidogo, ambayo wakati wa joto usingeitambua, huanguka siku hiyo.

Andika namba zako ulete hapa.

---

Shikamooni wote. Naongezea la dizeli kwa sababu wapo wenzetu humu wanaoendesha vani za kazi.

Dizeli haina plagi za cheche. Wakati wa baridi inategemea hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya injini. Fungua swichi, subiri ile taa ya koili kwenye dashibodi izime, ndipo upige starta. Ukiwa na haraka kuliko taa ile, utazungusha betri mpaka iishe. Injini ikiwaka kwa kutetemeka na moshi mweupe, kisha ikatulia baada ya dakika moja, huenda hita plagi moja au mbili zimekufa.

Jambo la pili, dizeli ya kiangazi huganda nta kwenye baridi kali na kuziba filta. Vituo hubadilisha na kuweka ya baridi, lakini kama tangi lako limejaa tangu miezi ya joto, au umetoka eneo lenye joto zaidi, iliyomo ni ile ya zamani.

Na tafadhali sana: ukitia petroli kwenye gari la dizeli kwa bahati mbaya, usifungue hata swichi. Usilisogeze hata mita moja. Kwenye magari mengi pampu huanza kuvuta mara tu swichi inapofunguliwa, na petroli hainyweshi pampu wala nozeli ule ulainisho wa dizeli. Tangi linyonywe hapo hapo liliposimama. Nimeona injini za watu wawili zikifa kwa mwendo wa kutoka pampuni hadi maegesho.

---

Kaka, asante sana. Mzee, shikamoo na asante.

Vibanio havitikisiki, na vyote ni visafi. Nimepata mita. Ijumaa jioni, gari likiwa limezimwa kwa muda wa saa tatu: 12.4. Sikuligusa Jumamosi na Jumapili. Jumatatu alfajiri: 12.0, na likagoma kwa sauti ile ile. Nilipobustiwa, injini ikiwa inanguruma ilisoma 14.3. Ina maana betri imekufa?

Na nisaidieni hili pia: jirani yangu hufunga waya zote nne kwenye betri, mbili huku na mbili kule. Ni sawa?

---

Dada, namba hizo ni dhahabu.

14.3 inasema alteneta ni nzima. Vibanio ni vizima. Starta ilizunguka uliposaidiwa umeme, nayo ni nzima, pesa yako imepona. Limebaki swali moja: volti 0.4 zilienda wapi kutoka Ijumaa hadi Jumatatu? Ama betri inavuja yenyewe ndani, ama kuna kitu kwenye gari kinakunywa umeme usiku kucha. Na kuna namna ya kuwatenganisha hao wawili bila kulipa mtu.

Ijumaa ijayo pima, kisha fungua kibanio cha hasi, kisogeze pembeni kisiguse kichwa, uache hivyo hadi Jumatatu. Hakikisha una ufunguo wa kawaida wa mlango, maana kufuli za umeme hazitafanya kazi, na usiache kitu unachokihitaji kwenye buti. Saa itajirudisha, na redio za zamani zinaweza kudai namba ya siri. Jumatatu pima kabla hujarudisha waya. Ikiwa imeshuka tena, betri ni mbovu, irudishe kwa waranti. Ikiwa imebaki pale pale, mwizi yuko ndani ya gari.

Kuhusu kubusti: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ya nyeusi ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake. Sababu ni kwamba betri ya asidi hutoa haidrojeni, na muunganisho wa mwisho ndio unaopiga cheche. Cheche ikae mbali na gesi. Liache gari zima lingurume dakika kadhaa ndipo ujaribu. Kutoa waya, rudi kinyume. Na kama betri iliisha kabisa kwenye baridi kali, iangalie kwanza: iliyoisha huganda mapema zaidi kuliko iliyojaa. Ikiwa imevimba au unaona barafu ndani, usiibusti wala usiichaji, inaweza kupasuka. Mwombe jirani abadilishe mtindo wake, kwa usalama wenu wote wawili.

Atakayekuambia tulisukume, mkatalie. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.

---

Kaka, nimerudi na majibu. Ijumaa 12.4. Jumatatu, waya ukiwa umefunguliwa, 12.4. Haikushuka hata kidogo!

Basi betri ni nzima. Sasa mwizi namtafutaje?

---

Safi kabisa. Anza na vya bei ya bure. Chomoa kila kitu ulichochomeka: chaja ya simu, kamera ya kioo cha mbele, kifaa chochote kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Kisha taa. Ya kwenye sanduku la dashibodi na ya kwenye buti huwezi kuziona zikiwa zimefungwa, kwa hiyo washa kamera ya simu irekodi video, ilaze ndani ya buti ikitazama taa, funga, hesabu hadi thelathini, fungua. Fanya hivyo hivyo kwenye sanduku la dashibodi.

Ukikosa, hapo sasa fundi wa umeme apime mkondo gari likiwa limelala. Gari zima likiwa limelala hula miliampea 50 au chini ya hapo. Mwambie maneno haya: "Gari linakunywa umeme likiwa limezimwa, betri na alteneta nimeshapima."

---

KAKA! Ni taa ya buti. Kwenye video buti linafungwa, giza halitokei, naona zulia na pembetatu ya dharura vizuri kabisa hadi nilipofungua tena. Kumbe imekuwa ikiwaka wiki zote hizi. Nimeitoa balbu kwa sasa. Imeandikwa wati 5.

---

Alhamdulillahi! Wati 5 kwa volti 12 ni kama ampea 0.4, mara nane ya kile gari lako lingekula likilala. Kwa saa 60 za wikendi ni kama ampea-saa 24, na betri nyingi za magari madogo zina kama 60. Halafu safari zako za dakika kumi na tano haziwahi kurudisha kilicholiwa, ndiyo maana hata Ijumaa ulisoma 12.4 badala ya 12.6.

Mawili yamebaki. Kuna kiswichi kidogo kwenye kufuli la buti kinachozima taa. Mara nyingi hukwama kwa uchafu, kipulizie dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme ukibonyeze mara kadhaa kabla ya kufikiria kipya. Na betri yenyewe iazimie chaja ya ukutani, uiache usiku mzima hadi chaja iseme imejaa. Betri ya asidi ikikaa na njaa muda mrefu huota salfeti kwenye bamba zake na haitajaa tena sawasawa. Ichaji wiki hii hii, kabla baridi haijazidi.