Nairobi hadi New York: tiketi inasema saa 7, binti anasema 15

Bibi wa Voi
Hamjambo wanangu. Binti yangu wa New Jersey amejifungua, kanitumia tiketi ya mwezi wa kumi na mbili, ndege ya moja kwa moja. Imeandikwa naondoka JKIA 23:25, nafika JFK 06:25 kesho yake. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia: saa saba. Basi la Voi hadi Nairobi lenyewe hula saa sita, sasa Marekani iwe saa saba? Binti anasema ni kumi na tano na ananicheka. Nauliza kwa sababu nina kidonge cha presha, nakimeza saa tatu usiku bila kukosa.

Mpenda Ramani
Shikamoo bibi. Binti yuko sawa. Tiketi huandika saa ya kila mji, na Desemba New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Saba kujumlisha nane, kumi na tano.

Umbali ni karibu kilomita 11,800. Usidanganyike na ramani ya ukutani. Chukua mpira wenye ramani ya dunia, vuta uzi kutoka Nairobi hadi New York: utaona unapanda kaskazini, unapita Sahara na Moroko kabla ya kuvuka Atlantiki. Ndege hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, lakini huko juu kuna upepo mkali utokao magharibi, nayo inaukabili. Kurudi upepo unaisukuma, unaokoa kama saa nzima.

Nesi wa Newark
Shikamoo mama. Kabla ya Oktoba 2018 hatukuwa na hiyo ya moja kwa moja, tulikuwa tunabadilisha ndege Ulaya au Dubai, miguu imevimba. Shukuru.

Mimi niliipanda Desemba. Nililala, nikaamka, nikafungua dirisha: giza. Nikala, nikalala tena, nikafungua: giza. Unalikimbia jua, mama. Tulitua bado ni usiku, na saa yangu ya mkononi inasema saa nane na nusu mchana.

Sasa kidonge. Saa tatu usiku utakuwa bado umekaa JKIA unasubiri kuitwa, kimeze hapo hapo. Kinachofuata, saa tatu ya Kenya, New York itakuwa saa saba mchana, uko kwa binti tayari umeshika mtoto. Kwa hiyo ndani ya ndege hudaiwi kitu. Daktari wako akuambie kabla hujasafiri utakihamisha vipi kije usiku wa huko. Dawa zote weka kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na mizigo ya chini. Na uwe unainuka kutembea, usione haya kumpita jirani.

Bibi wa Voi
Marahaba wanangu. Nimefanya ya uzi kwa mpira wa mjukuu, kweli unapita Sahara. Saa yangu siigusi mpaka nimuone binti. Ila mwanangu nesi, hizo saa kumi na tano, chai wanatoa mara ngapi?

Nesi wa Newark
Ukiomba wanaleta, mama. Ila usitegemee tangawizi.