Mafunzo ya ujasiriamali ya serikali: nifunge kibanda niende?

Kijana wa Chuma:
Wakuu, salaam. Nina kibanda cha kuchomelea, natengeneza mageti na grili za madirisha. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu ametangaza mafunzo ya ujasiriamali kwa vijana, halafu ndiyo tuombe ule mkopo wa halmashauri wa asilimia 10. Wenzangu kwenye kikundi wanasema twende tu, cheti kitasaidia. Lakini nikifunga kibanda hakiingii kitu, na msaidizi anataka posho yake. Mliopitia, maisha yamebadilika kweli?

Mzee wa Semina:
Nilienda. Chai na maandazi vilikuwa safi. Cheti kipo kabatini, wanangu wakiniuliza nitawaonyesha 😂

Fundi Mkongwe:
Mdogo wangu, nenda, ila beba daftari lako la kazi. Chukua geti la mwisho ulilouza. Najua ulihesabu vyuma, rodi na rangi. Je, diski za kukatia? Umeme wa LUKU? Kirikuu iliyopeleka geti kwa mteja? Posho ya msaidizi siku mliyokwenda kufunga bawaba, mkakuta nguzo imepinda mkashinda huko mpaka jioni? Mwombe mwezeshaji aipige hesabu hiyo ubaoni mbele ya wote. Aking'ang'ania slaidi zake za "thubutu, utaweza", wewe rudi ukachomelee.

Kuhusu mkopo, hauna riba, hilo ni zuri. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ila ni deni, siyo zawadi. Serikali iliusimamisha 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha kutorejeshwa, ukarudi 2024. Sasa wanakagua.

Msomaji:
Nyongeza. Kuna utafiti wa Togo uliochapishwa 2017 kwenye jarida la Science. Wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kujiongeza, yaani kutafuta wateja wapya, kubuni bidhaa na kutokata tamaa, faida yao ilipanda kwa takriban asilimia 30. Waliofundishwa biashara kwa mtindo wa kawaida hawakuonyesha tofauti ya kueleweka. Kwa hiyo uliza kwanza wanafundisha nini.

Kijana wa Chuma:
Shukrani wakuu. Tatizo lingine: tuko watano, na wawili hawajawahi kuuza hata karanga.

Fundi Mkongwe:
Hapo ndipo ningeogopa, kuliko hizo siku za kufunga kibanda. Deni ni la kikundi. Hao wawili wakila mtaji, mtakaofuatwa ni ninyi wenye vibanda vinavyoonekana barabarani. Kabla hamjagombea uenyekiti, andikeni kwenye katiba fedha ikitoka inanunua mashine gani, itakaa kwa nani, na kila mmoja analeta rejesho kutoka kazi ipi. Asiye na jibu la hilo la mwisho, mwambieni mapema asubiri awamu nyingine.