Naomba ushauri: mchanga wa kumwogeshea hamsta

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nimeachiwa hamsta (kamnyama kadogo ka kufuga, mfano wa panya) na jirani aliyehama. Alinisisitizia nisimwogeshe kwa maji, anajisafisha mwenyewe kwa kugaagaa kwenye mchanga mkavu, na usiwe vumbi laini kama unga maana linamuumiza mapafu. Sasa mchanga huo naupata wapi? Madukani ukiuliza unaulizwa unataka tripu ngapi!

Nikachota wa mtoni, nikauchekecha, nikauosha mpaka maji yakatoka safi, nikaukaanga kwenye sufuria kuua wadudu. Ulipopoa nikamwekea kwenye bakuli. Aliingia, akabiringika miguu juu, raha tupu, kisha akapiga chafya tatu mfululizo. Nikautoa haraka. Tangu hapo siku ya nne, manyoya ya mgongoni yameshikana kama yamepakwa mafuta.

Mchanga wetu huu ni mweusi, na ukiusugua vidoleni una chenga zinazochoma. Je, kuna namna ya kuufanya umfae, au niagize mweupe kutoka Tanga? Na bakuli likae ndani ya kizimba chake muda wote, au nimwekee dakika chache jioni anapoamka?

Natanguliza shukrani.