Kwa nini nafasi za vyuo vya sheria vya Marekani hubadilika kila mwaka?

Swali: Ndugu zangu, ninajiandaa kuomba kusomea sheria Marekani, na chuo ninachokitamani kimeshuka nafasi kadhaa katika orodha ya U.S. News, shirika la habari la Marekani linalopanga vyuo kwa ubora, ndani ya mwaka mmoja. Je, ubora wake umeshuka kweli?

Jibu la kwanza: Si lazima. Mwishoni mwa 2022 Yale na Harvard vilitangaza kujitoa katika orodha hiyo, na vyuo vingine vikafuata. Katika toleo la 2023 waandaaji walipunguza uzito wa maoni ya wanataaluma, mawakili na majaji kutoka asilimia 40 hadi 25, wakaongeza ule wa ajira za wahitimu na ufaulu wa mtihani wa uwakili. Kipimo kilipobadilika, nafasi nazo zilibadilika.

Jibu la pili: Niongeze kwamba vyuo vingi vya katikati hutofautiana kwa alama chache mno, kiasi kwamba wahitimu wachache wakikosa kazi chuo huweza kuporomoka, ilhali walimu na maktaba ni vilevile. Mimi ningetazama kwanza takwimu za ajira ambazo vyuo vilivyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani hulazimika kuzichapisha, kisha karo.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Nitalinganisha ajira za miaka mitatu mfululizo.