Je, "frugal" ni sifa njema kwa mhazina?

Mkazi wa Temeke:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Ninamwandikia mhazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa barua ya mapendekezo kwa Kiingereza, kwa kuwa anaomba kazi katika ofisi moja huko Posta. Ni mama ambaye huandika daftarini hata nauli ya daladala aliyolipa kwenda benki, na akitumwa Kariakoo hulinganisha bei za maduka kadhaa kabla ya kufungua pochi. Nilikusudia kumwita "frugal", lakini kijana wangu anashikilia kwamba msomaji ataelewa kuwa ni mkono wa birika. Nani yuko sahihi?

Mwalimu, Ubungo:
Kijana hajapatia, ingawa wasiwasi wake nauelewa. Mtu aliye "frugal" hutumia kidogo kwa hiari yake: kinachohitajika hununua, kisichohitajika hukiacha. Huo ni uwekevu, wala hauna lawama. Ubahili una maneno yake, kama vile "stingy". Waingereza husema pia "mean", na Wamarekani humwita mtu wa namna hiyo "cheap", neno ambalo likitajwa kuhusu bidhaa humaanisha tu kwamba bei yake ni nafuu. Mlo nao huweza kuitwa "frugal" ukiwa wa kawaida usio na mbwembwe, tuseme ugali na mchicha, na hakuna anayedhani kwamba mpishi ni mchoyo.

Hata hivyo, katika barua hiyo nisingelitegemea neno hilo peke yake, kwa sababu huelezea zaidi namna mtu anavyoishi na kutumia, ilhali mwajiri anataka kujua anavyotunza fedha za wenzake. "Careful with money" litamfaa zaidi, kisha eleza habari za daftari, maana ushahidi huo una uzito kuliko kivumishi chochote.

Mkazi wa Sinza:
Naunga mkono, na ninaongeza tahadhari moja. Usiandike "economic", ambalo linahusu mambo ya uchumi. Linalohusu kubana matumizi ni "economical", nalo husemwa sana kuhusu vitu, kama gari linalokula mafuta kidogo.

Mkazi wa Temeke:
Nawashukuru sana. Je, nikitaka kulibakiza "frugal" mahali pamoja, naweza kulifuatisha na "with"?

Mwalimu, Ubungo:
Ndiyo, "frugal with the group's money" ni Kiingereza sahihi.