Shule imemfutia binti yangu Fizikia ili ufaulu wao upande. Uhandisi atausomea wapi?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Binti yangu amemaliza Kidato cha Nne kwa Daraja la Pili, Hesabu C, Kemia B, na hawezi kusomea uhandisi wa ujenzi popote. Kwenye cheti chake hakuna Fizikia. Hakuifeli. Hakuifanya kabisa, kwa sababu shule iliifuta.

Tuko Kanda ya Ziwa, shule ya kata. Kulikuwa na mwalimu mmoja tu wa Fizikia, kijana anayejituma, akahamishwa wakati binti yangu na wenzake wanamaliza Kidato cha Pili. Hakuletwa mwingine. Januari ratiba ya Kidato cha Tatu ikabandikwa, Fizikia haimo. Kwenye kikao cha wazazi mkuu wa shule akatuambia kwamba kuanzia Kidato cha Tatu Fizikia ni somo la hiari, kwa hiyo hakuna kilichoharibika, na watoto wakipunguziwa masomo magumu shule itafuta sifuri. Wazazi tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilidhani wanamsaidia mwanangu.

Hiari ya nani? Mtoto wa miaka 15 hakuulizwa, mimi mzazi sikuulizwa. Ukisema hiari maana yake vitu vyote vipo mezani, mtu akachukua anachotaka. Hapa sahani imeondolewa halafu tunaambiwa mtoto kachagua kutokula.

Niseme wazi nilichokuja kukijua nikiwa nimechelewa, labda kuna mzazi kitamsaidia. Bila kufaulu vizuri Fizikia, Kemia na Hesabu Kidato cha Nne hupangiwi PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati za Kidato cha Tano na Sita. Na digrii ya uhandisi wanataka umefaulu Fizikia na Hisabati Kidato cha Sita. Nikasema sawa, apite njia ya vyuo vya ufundi, aanze na diploma kisha apande, mainjinia wengi nilioshika nao kazi wamepita huko. Nikafunga safari na cheti chake kwenye bahasha. Dada wa udahili akapitisha kidole somo kwa somo, akarudia tena toka juu, akaniuliza, "Baba, mbona Fizikia siioni?" Nilisimama pale dirishani sina jibu, nyuma yangu foleni.

Yaani mlango ulifungwa miaka miwili kabla ya mtihani, siku ile tunapiga makofi.

Sasa sikilizeni la maabara, hili ndilo linaniuma zaidi. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Tulichangishwa kaya kwa kaya, aliyekosa hela alisomba mawe na mchanga. Mimi ni fundi ujenzi. Zile kuta nimepiga plasta kwa mkono wangu, zile meza za zege nimezimwaga mimi, na sinki nimezipanga mimi. Juzi nimeingia. Koki hazijawahi kutoa tone la maji. Kwenye chumba cha Fizikia wamehifadhi magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi na madawati yaliyovunjika miguu. Anayefanya kemia anaishika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza wiki ya mtihani, baada ya barua ya maandalizi ya praktiko kuja na shule kukimbia kuazima vifaa kwa jirani.

Na msiniambie watoto wa siku hizi hawapendi sayansi. Tulikuwa tunavuka na kivuko Kigongo kwenda Busisi kumwona shangazi yake wakati daraja linajengwa. Wenzake wanakula karanga, yeye macho kwenye nguzo, ananiuliza zege linagandaje ndani ya maji, na nguzo inajuaje imefika kwenye mwamba. Sikuwa na majibu. Mimi nasoma ramani, najua kipimo cha zege na nafasi ya nondo, lakini kwa nini nondo iwe milimita 16 na isiwe 12, hiyo ni hesabu ya injinia. Nilitaka mwanangu awe upande wa wanaojua kwa nini.

Kidato cha Tatu, Fizikia imeshafutwa, aliazima kitabu kwa binti wa jirani anayesoma bweni. Jioni moja natafuta timazi yangu, kile chuma cha kwenye uzi cha kupimia ukuta kama umenyooka, siioni. Naikuta imening'inia kwenye kenchi la jikoni, yeye na simu ya mama yake mkononi anahesabu. Uzi wa mita 1, timazi ikienda na kurudi mara 20, sekunde 40. Akafupisha uzi hadi sentimita 25, mara 20 zilezile, sekunde 20. Akaniambia, "Baba, urefu nimeugawa kwa 4 lakini muda umegawanyika kwa 2 tu." Kisha akafunga jiwe badala ya timazi, muda haukubadilika. Huyo ndiye mtoto aliyeambiwa Fizikia itamshinda!

Hesabu nayo hivyohivyo. Kwa miaka, watahiniwa kama 8 kati ya 10 nchi nzima walikuwa wanafeli Hesabu Kidato cha Nne. Mwaka 2023 waliofaulu wakafika kama robo. Shuleni kwetu mwalimu wa Hesabu ni mmoja kwa madarasa yote. C ya binti yangu imetoka kwenye tuisheni niliyolipa kwa vibarua vya Jumapili. Na pale stendi kuna kijana mwenye digrii ya ualimu wa Fizikia na Hisabati anauza chaja, anasubiri ajira. Ni mwendo wa dakika 20 kwa mguu kutoka kwenye ile maabara ya mahindi.

Najua zimejengwa sekondari za sayansi za wasichana kila mkoa, na ni jambo jema. Lakini shule moja kwa mkoa mzima inachukua wangapi? Waliobaki kata ni mabinti wa nani?

Nimeshauriwa asome CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, aachane na uhandisi. Ni masomo ya heshima, ila yeye hakuyataka. Kingine, arisiti Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea: silabasi ya miaka miwili ambayo hakufundishwa hata kipindi kimoja. Ameniambia yuko tayari. Kwa hiyo anayejua kituo chenye mwalimu wa Fizikia na vifaa vya praktiko, Mwanza, Geita au Shinyanga, aandike hapa hapa, pamoja na gharama.

Na mdogo wake yuko Kidato cha Pili shule ileile. Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Nakwenda na cheti cha dada yake nikakisome mbele ya wote, somo kwa somo kama yule dada wa udahili, halafu nitataka mkuu wa shule aandike kwenye muhtasari wa kikao ni lini mwalimu wa Fizikia anakuja na lini yale magunia yanatoka.